Mjanja Pia Huuziwa Farasi Mbovu



Kila wiki kuna mtu anaposti ametapeliwa mtandaoni. Simu haikufika. Kiwanja hakipo. Yule landilodi aliyetumiwa pesa ya kushikilia chumba hata hana nyumba. Na kila wiki komenti huwa zile zile tatu. Ya kwanza: tamaa. Ya pili: kwani ulifika Nairobi jana? Ya tatu, na ndiyo watu hupenda zaidi: mimi siwezi koniwa hivo, mimi ni mjanja.

Leo nabishana na hiyo ya tatu, na nitatumia farasi kubishana.

Najua unajiuliza farasi wametoka wapi. Wengi wetu tumemwona farasi Ngong Racecourse, ama ufuoni Mombasa akibeba mtalii, ama kwa sinema tu. Lakini kwa maelfu ya miaka, sehemu kubwa ya dunia, farasi ndiye alikuwa gari, boda, lori na kifaru cha vita kwa wakati mmoja. Alikuwa ghali. Na shida zake zimejificha. Mahindi yakioza utaona. Farasi anaweza kusimama mbele yako anang'aa kama kiatu kipya, kumbe mapafu yameisha, mguu una jeraha la zamani, ama ana tabia ya kumrusha kila anayempanda. Muuzaji ameishi naye miaka. Wewe umemwona dakika kumi.

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani, George Akerlof, aliandika kuhusu hilo pengo kati ya anachojua muuzaji na anachojua mnunuzi. Mfano wake ulikuwa magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Wanunuzi wa farasi walikuwa wamelijua hilo pengo kwa zaidi ya miaka 2,000 kabla yake, na walilijua kwa uchungu.

Anza na Xenophon. Huyu hakuwa mshamba. Alikuwa mfuasi wa Socrates kule Athens. Mwaka 401 KK alijikuta ndani kabisa ya milki ya Uajemi na wanajeshi Wagiriki wa kukodiwa kama 10,000, aliyewakodi ameuawa vitani, na akawa mmoja wa waliowaongoza kutembea hadi Bahari Nyeusi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa farasi. Baadaye akaandika kitabu kifupi kuhusu kupanda farasi. Unajua kinaanza na nini? Hakianzi na kupanda. Kinaanza na jinsi ya kununua bila kudanganywa.

Angalia kwato kwanza, anasema, juu nyumba haina maana hata ikipendeza juu kama msingi ni mbovu. Kama farasi tayari ameshazoea kupandwa, chunguza meno ujue umri wake. Mvalishe hatamu uone kama anakubali. Mpande. Mtoe katikati ya farasi wenzake uone kama atakubali kuondoka. Mgeuze kulia, mgeuze kushoto.

Jenerali mzima, na hakusema yeye hawezi koniwa. Aliandika orodha. Ni kama rubani mwenye miaka 20 kazini ambaye bado anasoma orodha yake kabla ndege haijapaa. Si ati amesahau kazi. Anajua tu kwamba siku ya haraka, akili ya mtu huruka vitu.

Shida ni hii: orodha ikishajulikana, wakora nao huisoma.

Chukua meno. Farasi akiwa mdogo, meno yake ya mbele huwa na vishimo vyenye alama nyeusi, na jinsi anavyotafuna miaka ikipita, zile alama zinaisha. Kila mtu alijua hiyo. Ndio maana kuna methali ya zamani inayosema farasi wa zawadi hachunguzwi meno. Mtakatifu Jerome, karibu mwaka 400, tayari aliitaja kama msemo wa watu wote. Kwa hivyo wauzaji Waingereza walifanya nini? Walimchukua farasi mzee, wakamchonga meno, wakachoma alama mpya kwa chuma cha moto. Mzee amekuwa kijana. Mchezo huo ulikuwa wa kawaida hadi ukapata jina lake, na Francis Grose akaliweka kwenye kamusi yake ya lugha ya mtaani ya mwaka 1785.

Kamusi hiyo hiyo ina mwingine mbaya zaidi. Farasi akiwa mchovu na mkia umelegea, muuzaji alimtia tangawizi matakoni. Farasi aliruka, akainua mkia, akaonekana ana moto wa ujana. Grose anaongeza kwamba zamani, kulingana na walivyosimulia watu, walitumia mkunga, yule samaki wa umbo la nyoka, akiwa hai. Sitaeleza zaidi.

Na kulikuwa na ile ya kijiwe. Farasi anachechemea mguu mmoja? Weka kijiwe chini ya kiatu cha mguu ule mzima. Sasa anaumia pande zote mbili, hatua zinalingana, na mnunuzi anaona farasi anayetembea sawa.

Hapa ndio nataka usimame kidogo. Hiyo michezo haikutengenezwa kwa fala. Fala haangalii meno. Fala hajui kwamba mkia ulioinuka ni dalili ya nguvu. Ilitengenezwa kwa mtu anayejua, yule anayekuja sokoni akiwa na uhakika kwamba ataona. Ukijua kusoma meno, wewe ndio mteja mzuri wa meno yaliyochongwa. Leo ni vile vile. Umejifunza kuangalia kama akaunti ina wafuasi wengi? Mkora ameiba akaunti yenye wafuasi. Umejifunza kuomba video? Ameichukua kwa mtu mwingine. Umejifunza kusoma maoni ya wateja? Ameyaandika mwenyewe usiku wa jana.

Basi watu waliponaje? Hawakupona kwa kuwa wajanja zaidi. Walipona, pale walipopona, kwa kuacha kumtegemea mjanja.

Roma ya kale ilikuwa na maofisa wa soko walioitwa aediles. Amri yao ilimlazimu muuzaji wa mifugo kutangaza kasoro za mnyama waziwazi. Sheria hiyo hiyo iliwahusu pia binadamu waliouzwa kama watumwa, na hilo tusilipite kimya: walikuwa kwenye ukurasa mmoja na punda. Muuzaji akificha kasoro, mnunuzi alikuwa na miezi 6 ya kurudisha na kudai pesa zake, ama mwaka 1 wa kudai apunguziwe bei. Mzigo wa kusema ukweli ulihamishwa ukawekwa kwa yule anayeujua.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Kule wizi wa farasi ulikuwa janga. Mtu anaiba usiku, asubuhi ameshampeleka soko la mbali, mchana ameuza, jioni hayuko. Kwa hivyo mwaka 1555, enzi ya Malkia Mary, bunge likatunga sheria. Farasi anayeuzwa sokoni lazima asimamishwe hadharani saa nzima, kati ya saa nne asubuhi na machweo. Kisha muuzaji na mnunuzi waende pamoja kwa karani wa soko, na karani aandike kwa kitabu: majina yao, wanakoishi, bei, rangi ya farasi na alama zake.

Mwaka 1589, enzi ya Elizabeth wa Kwanza, wakakaza. Karani lazima amjue muuzaji, ama mtu mwaminifu anayejulikana asimame aseme: huyu namjua, jina lake ni hili, anakaa pale. Jina la huyo mdhamini nalo linaandikwa. Na hata baada ya hayo yote, mwenye farasi akijitokeza ndani ya miezi 6 na kuthibitisha kuwa ni wake, angeweza kumchukua kwa kumrudishia mnunuzi pesa alizolipa.

Ona walichofanya. Hawakumwambia mnunuzi afungue macho. Walidai vitu vitatu: mnyama awe hapo, muuzaji awe na jina ambalo mtu mwingine analisimamia, na muda upite mchana kweupe. Mwizi anachukia vyote vitatu, na hasa anachukia kungoja.

Na usidhani hii ni akili ya Wazungu peke yake. Nenda soko la mifugo la Garissa. Dalali wa pale, wanayemwita dilaal kwa Kisomali, kazi yake si kuongeza bei tu. Anasimama kati ya muuzaji na mnunuzi, na anathibitisha kwamba anamjua muuzaji na mnyama si wa wizi. Ikitokea shida, yeye ndiye anatafutwa, na jina lake ndilo linaharibika. Sisi mjini tumelifanya neno dalali kuwa tusi. Kumbe dalali wa kweli ni yule shahidi wa mwaka 1589, na amekuwa akifanya kazi yake bila Malkia Elizabeth kumfundisha.

Sasa stori ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1844, Epsom, Uingereza, farasi anaitwa Running Rein anashinda Derby. Derby ni mbio za farasi wa miaka 3 peke yake. Minong'ono ikaanza: huyu ni mkubwa sana. Lord George Bentinck, mtu mzito kwa dunia ya mbio, akaanza kuchimba. Mwenye farasi wa pili, Orlando, alikuwa Kanali Jonathan Peel, kaka yake waziri mkuu Robert Peel, na akapinga matokeo. Kesi ikafika mahakamani mwezi wa saba. Mawakili wakaongea, mashahidi wakaongea. Jaji, Baron Alderson, alitaka kitu kimoja tu: leteni farasi. Mdomo wake ufunguliwe, meno yaangaliwe, mambo yaishe.

Farasi hakuletwa. Alikuwa ameondolewa, hayuko. Kesi ikaanguka, na Orlando akatangazwa mshindi. Ukweli ni kwamba Running Rein alikuwa farasi mwingine anaitwa Maccabeus, wa miaka 4, na mcheza kamari anaitwa Levi Goodman ndiye aliyewabadilisha.

Leteni farasi. Hiyo ndiyo sentensi ningependa kila mmoja wetu aikariri. Maneno yote ya mahakamani hayakuwa na uzito kama mnyama mwenyewe kusimama mbele ya watu.

Watu wakaongeza karatasi. Kitabu kikuu cha ukoo wa farasi wa mbio kilikuwa kimeanza London tangu mwaka 1791, kumwandika kila mnyama, mama yake na baba yake. Lakini karatasi inaweza kubebwa na farasi mwingine. Tarehe 18 Agosti 1984, Brisbane, Australia, genge moja lilimwingiza farasi hodari anaitwa Bold Personality kwenye mbio kwa jina la farasi dhaifu, Fine Cotton. Rangi zao hazikufanana, kwa hivyo wakampaka dawa ya nywele za binadamu, na rangi nyeupe miguuni. Alishinda. Watu uwanjani wakaanza kupiga kelele kwamba wameibiwa, na matokeo yakafutwa. Baadhi ya wahusika walienda jela.

Ndio maana siku hizi Ulaya farasi huwekwa chipu ndogo shingoni, yenye nambari ya tarakimu 15 inayopaswa kulingana na pasi yake. Huko England ni lazima kwa kila farasi tangu Oktoba 2020. Chipu ni jaribio la kufunga mnyama na karatasi yake ili visiachane.

Sasa leta hiyo historia yote kwa simu yako.

Soko la mtandaoni ni zuri, mimi mwenyewe kamera na maiki zangu nyingi nimenunua huko. Lakini angalia limeondoa nini. Mnyama hayuko mbele yako. Muuzaji ni picha na jina alilojipa. Na muda umekatwa: kuna mwingine anataka, tuma sasa hivi nikushikilie. Vitu vitatu vya mwaka 1555 na 1589, vyote vimeng'olewa kwa mkupuo mmoja. Tumerudi usiku kabla ya karani.

Utapeli wa farasi mtandaoni leo unaenda hivi. Picha nzuri sana, bei ya chini sana, na sababu ya kuhuzunisha: mwenye farasi amefariki, ama familia inahama nchi. Huwezi kuja kumwona, lakini kuna kampuni ya usafiri. Unalipa. Kisha inakuja pesa ya bima. Kisha chanjo. Kisha kibali cha mpakani. Kila malipo ni madogo kuliko uliyokwisha tuma, kwa hivyo unaona heri umalizie. Hakuna farasi. Picha zimeibwa kwa mtu ambaye hata hauzi.

Muuzaji naye hukoniwa. Marekani mnunuzi hutuma hundi ya pesa nyingi kuliko bei, anaomba ile ya ziada umtumie msafirishaji. Benki inakuonyesha pesa zimeingia, unatuma. Siku kadhaa baadaye hundi inagunduliwa ni feki, benki inachukua pesa zake, na zile ulizotuma zimeenda na mkora. Hapa kwetu unaijua kwa sura nyingine: meseji ya M-Pesa ambayo haikutoka M-Pesa, halafu simu ya haraka, nimetuma nyingi kimakosa, rudisha.

Na hata farasi akiwepo kweli, kuna tangawizi ya kisasa. Dawa ya maumivu inaweza kumfanya farasi anayechechemea atembee sawa siku ya kuonwa. Ndio maana Uingereza mnunuzi hulipa daktari wa mifugo wake mwenyewe, si wa muuzaji, na huyo daktari huchukua damu ya farasi na kuihifadhi miezi 6. Dawa ikiisha mwilini na mguu ukaanza kusumbua, ile damu inapimwa. Muda wa Warumi, muda wa Elizabeth, na muda wa damu kwenye friji: wote miezi 6. Sidhani kuna aliyemnakili mwenzake hapo. Nadhani wote waligundua kwamba uongo huhitaji muda ndio uonekane.

Kwa hivyo ukinunua farasi, ama simu, ama pikipiki, usijiulize kama wewe ni mjanja. Jiulize maswali ya karani.

Farasi yuko wapi? Kama huwezi kumfikia, yupo mtu wako anayeweza kwenda? Kama hawezi, omba video ya sasa hivi ukiwa kwa simu, akifanya kitu unachosema wewe, na isome nambari ya chipu, ama ya chasisi, ama ya simu. Leteni farasi. Akiwa na sababu ya kukataa, sababu ni nzuri kiasi gani haijalishi.

Nani anamsimamia muuzaji? Si wafuasi. Mtu unayemjua, ama duka lenye mlango, ama nambari ya usajili ambayo umeithibitisha wewe mwenyewe kwa wanaoitoa. Msafirishaji mchague wewe. Na hii si woga tu. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilijengwa juu ya ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na bado inaanza na wazo la zamani kwamba mnunuzi ajihadhari. Ulinzi mwingi inaokupa kuhusu ubora ni pale unaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Ukinunua kwa mtu binafsi uliyemkuta mtandaoni, umebaki karibu peke yako.

Saa yangu iko wapi? Ile saa nzima hadharani, jipe mwenyewe. Anayekuharakisha anakunyima kitu ambacho bunge la mwaka 1555 lilikiona cha lazima kwa farasi mmoja. Na kama wewe ndio unauza, angalia salio lako, si meseji, kabla kitu hakijatoka mkononi.

Haya yote hayahitaji akili nyingi. Yanahitaji kuyafanya hata siku ambayo una uhakika. Xenophon alikuwa na uhakika kuliko sisi wote, na bado alianza na kwato.

Na zile komenti, tuziache. Mtu akiposti ametapeliwa, muulize walimfanyia nini, hatua kwa hatua, halafu sambaza. Hicho ndicho kitabu cha karani tulichobaki nacho. Ukimcheka, wa kesho hataandika, na mkora atauza yule yule farasi soko linalofuata.

Mtumie posti hii yule rafiki yako anayesema yeye hawezi koniwa. Yeye ndio meno yanachongwa kwa ajili yake.